Mke wa Foleni Nzima

Sehemu ya Tisa

"Vua hiyo miwani."

Hapo ndipo tulipomwacha Seremala wiki iliyopita, na nimeambiwa wapo waliolitupa gazeti ukutani kwa hasira. Liokoteni. Mambo ndiyo kwanza yanaanza.

Mbele yake, ndani ya miwani, mkewe alikuwa amesimama katikati ya maua, gauni la bluu, tabasamu mpaka machoni. Nyuma yake, nje ya miwani, mkewe huyohuyo alikuwa amesimama juu ya zulia la ukumbi, mkoba begani, na tabasamu hakuwa nalo hata la kuazima.

Seremala akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Mmoja wenu aseme tena," alisema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hilo ndilo kosa la kila anayevaa miwani ile: kwa kuwa haoni watu, anadhani watu nao hawamwoni. Kumbe kwenye ukuta wa nje ipo televisheni kubwa inayoonyesha kila anachokitazama mteja, na mdomo wa mteja hauna wa kuuziba. Kwa dakika nne foleni ilikuwa imemsikia mwanamume mzima akiigombeza picha: "Unamwangalia nani? Nakuuliza wewe! Unamwangalia nani hivyo?"

Kwa wewe uliyekuwa safarini, nakudokeza upesi. Seremala ana karakana yake ya mbao. Mkewe anafundisha chekechea, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Miezi mitatu iliyopita ukafunguliwa ukumbi huu, ghorofa ya pili juu ya maduka. Unavaa miwani mizito kama ya mchomelea vyuma, na papo hapo uko kwenye ukingo wa jengo la ghorofa hamsini, au chini ya maji na papa, au bustanini.

Papa ana watu wake. Ghorofa lina watu wake. Lakini foleni inayoteremka mpaka ngazini ni ya Bustani, kwa sababu bustanini yupo Mwalimu. Anatokea kwenye maua, anakusogelea mpaka unadhani ukinyoosha mkono utamgusa, anakutazama wewe, wewe peke yako, halafu anasema: "Umechelewa. Lakini nilijua utakuja."

Wanaume wengi hawajawahi kuambiwa neno zuri kama hilo tangu wazaliwe. Kinyozi wa ghorofa ya chini amerudi mara sita, na wateja wake wanakaa na povu kidevuni wakimsubiri.

Na wivu wa Seremala, msomaji, si ule wa kuuma kucha. Ni wivu uliomnyima usingizi, ukamnyima chakula, na juzi ukamfanya akate mlango wa mteja ukapungua inchi mbili. Hajawahi kukosea kipimo tangu ashike msumeno.

Akavua miwani. Alama ya sponji ya miwani ilimzunguka uso, na kofia ilikuwa imeanguka chini.

"Kofia ya nani hii?" Mwalimu aliuliza.

"Ya jirani."

"Umekuja kunipeleleza kwa kofia ya jirani."

"Nimekuja kama mteja. Nimekata tiketi."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya nne," ilisema sauti kutoka dirisha la tiketi.

Seremala aligeuka kama aliyechomwa sindano. Dirishani alikaa dada yake mkubwa. Kazi ile Dada aliipata kwa kuombewa na Mwalimu, wifi yake, na tangu aipate amekuwa akiitumia kumpelekea mdogo wake habari za wifi huyohuyo kila jioni. Leo wamekuja mia mbili. Leo mmoja amelia. Leo mmoja amebusu hewa mpaka amegonga nguzo.

"Dada!"

"Mimi sijasema kitu," alisema Dada, akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

"Jamani," mama mmoja kwenye foleni alilalamika, "mambo ya ndoa si yana nyumba yake? Sisi tuna zamu hapa."

"Ngojeni!" Seremala alifoka. Akamgeukia mkewe, akapunguza sauti, lakini si sana. "Miaka sita tumeoana. Miaka sita, Mwalimu. Hujawahi kuniangalia hivyo hata siku moja."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba sijawahi. Ni lini uliinua kichwa ukatazama? Asubuhi unapiga randa, mchana unapiga randa, jioni unanihadithia jinsi ulivyopiga randa. Ningekuwa mbao ungenijua mpaka vifundo."

Foleni ikacheka tena. Seremala hakucheka. Na mtu aliyechekwa hutoa kwanza lile ambalo hakupanga kulitoa.

"Nani alisimama nyuma ya kamera?"

Foleni ikasogea karibu.

"Usinifanye mjinga," aliendelea. "Kile kibaraza mnachosimamishia kamera nimekijenga mimi. Kazi yenu naijua. Kamera ni kioo tu, haina uso, na hakuna mtu anayeweza kukipenda kioo hivyo. Lazima awepo mtu nyuma yake wa kumtazama. Siku ya majaribio nilikuwepo. Mbao zilikuwa hazijapigwa misumari, mkaniita niushike mguu wa kamera usiyumbe. Mkaniambia, inamisha kichwa, usitikisike. Nikainama. Siku ya pili, ile ya kazi yenyewe, mkaniambia sihitajiki tena. Mkafunga mlango. Mkatoka na hii!" Aliinyooshea kidole televisheni. "Nani alisimama pale siku ya pili?"

Mwalimu alikuwa na jibu. Wewe msomaji ukae ukijua hivyo: jibu alikuwa nalo, la neno moja, na lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi.

"Ungeniuliza jana," alisema taratibu, "tumekaa wawili, chai mezani, ningekujibu. Wewe umeona uniulize mbele ya foleni. Basi ngoja foleni ikujibu."

"Ni Marashi?"

Mwalimu akaupandisha mkoba begani.

"Nakuuliza, ni Marashi?"

Lisemwalo lipo. Mlango wa chumba cha kurekodia ukafunguka, ikatangulia harufu, kisha akatokea mwenyewe. Marashi ndiye mkuu wa ukumbi: shati jeupe, viatu visivyojua vumbi, sauti laini kama ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Anamwita kila mtu "mpendwa", hata fundi wa choo.

"Mwalimu, mpendwa, saa kumi imefika," alisema. "Bustani ya Pili inakusubiri. Taa zimewaka." Ndipo akamwona Seremala. "Ah, bwana mwenye misumari! Kuna mlango umelegea?"

Neno "mpendwa" liliingia sikioni kwa Seremala na kufika mahali ambapo akili haifiki.

"Haingii," alisema.

"Samahani?"

"Sisemi na wewe. Nasema na mke wangu." Akamshika Mwalimu kiwiko, akakiachia, akakishika tena. "Bustani ya kwanza nilikubali kwa sababu sikujua. Ya pili siikubali. Ukiingia chumba kile leo, nyumbani usirudi."

Dada alisimama dirishani, kitambaa mkononi. "Mdogo wangu, ulimi hauna mfupa, lakini na wewe..."

"Rudia," Mwalimu alisema.

"Umenisikia."

"Nimekusikia mimi. Wapo huko ngazini hawajasikia. Rudia."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema "samahani", akaokota kofia ya jirani, akaenda zake. Mara mia ningependa kuwaambia kwamba Seremala alifanya hivyo.

"Ukiingia," alisema kwa sauti ya kufika ngazini, "usirudi."

Mwalimu akafungua mkoba. Akatoa ufunguo wa nyumba, akauweka kwenye kiganja cha mumewe, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kama anavyowafundisha watoto kushika penseli. Halafu akaingia chumba cha kurekodia. Marashi akamfuata. Mlango ukafungwa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Kinyozi, ambaye alikuwa wa tatu kwenye foleni, aliinamisha macho akaondoka taratibu.

Seremala alibaki amesimama ndani ya duara la utepe mwekundu, pale wanaposimama wateja, ngumi imefumba ufunguo. Hasira ilianza kumtoka, na ilipotoka hakikubaki kitu cha kumshikilia. Alikuwa anamwogopa yule mwanamke aliyeingia mle ndani. Alikuwa anaogopa nyumba yake, jinsi itakavyokuwa kimya jioni.

Mkono ukamvuta shati.

"Njoo huku," alisema Fundi Picha. "Nimechoka kunyamaza."

Fundi Picha ndiye anayeendesha kamera na mashine zote. Ni mtu mrefu, mpole, asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku, na siku ile alikuwa bado hajatumia hata matatu. Alimwingiza Seremala kwenye kijichumba kilichojaa nyaya, akamkalisha, akafunga mlango.

"Nikikuonyesha hiki nafukuzwa kazi."

"Basi usinionyeshe. Nitajie jina tu."

"Jina hutaliamini." Alianza kubonyeza. "Sikiliza. Hii kamera si kama ya harusi. Inaona mbele, inaona nyuma, inaona kote. Ndiyo maana mteja akigeuka anaona maua. Sasa sisi tungejificha wapi? Kwa hiyo tunarekodi nusu mbili. Nusu ya mbele, yeye akiwepo. Nusu ya nyuma, maua matupu, hakuna mtu. Halafu tunaunga."

"Kama mbao mbili."

"Kama mbao mbili. Umewahi kuona maungio?"

"Hapana," Seremala alikiri. Alikuwa ameyatafuta, kwa jicho la ufundi, katika zile tiketi nne. Hakuyaona.

"Lakini siku tuliyomrekodi yeye, nyuma kulikuwa na mtu. Kamera ilimwona. Tulimkata, tukamfunika maua. Kipande chenyewe hakijaunganishwa, kipo hapa." Akampa miwani. "Vaa. Na usimwangalie yeye. Kila mtu anamwangalia yeye. Wewe geuka."

Seremala akavaa.

Akamwona Mwalimu anatoka kwenye maua, akakaza shingo asimtazame. Akaanza kugeuka. Aligeuka polepole, mikono mbele kama kipofu, na moyoni alikuwa anapanga. Akiwa Marashi, atamvunja pua. Akiwa kinyozi, atamvunja kiti. Akiwa mtu asiyemjua, atamuuliza kwanza, halafu atamvunja.

Akaona kibaraza. Akaona mbao zake mwenyewe, bado hazina misumari. Akaona viatu.

Vilikuwa viatu vibovu, vina gundi. Juu ya viatu palikuwa na mwanamume amepiga magoti, ameukumbatia mguu wa kamera kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kabisa, utosi unaangalia juu. Na katikati ya utosi palikuwa na kipara, duara kama sahani ya kikombe.

Damu ilimpanda Seremala. Alimchukia mtu yule papo hapo, kwa nguvu zote, kipara na vyote.

"Ni nani huyu?" alinguruma. "Huyu mwenye kipara! Mzee mzima, amejikunyata hapo kama mwizi! Nitampasua hicho kipara!"

Fundi Picha akakohoa.

"Nimesema ni nani huyu?"

"Tulia umtazame," alisema Fundi Picha.

"Nimemtazama! Hata nywele hana! Mke wangu ameniacha mimi kwa ajili ya..."

Kwenye sikio la yule mtu palikuwa na penseli. Penseli nyekundu, imetafunwa upande mmoja. Seremala akainua mkono wake taratibu, akagusa sikio lake, akaikuta penseli. Akaupandisha mkono mpaka utosini. Akapapasa.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Muda sasa," Fundi Picha alisema. "Tulikuwa tunasita kukwambia."

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, nao hawakuwa na kamera.

"Lakini ile ilikuwa siku ya majaribio," Seremala alisema. "Kazi ilifanyika kesho yake."

"Kesho yake tulirudia mara kumi na saba. Marashi mwenyewe alisimama nyuma, ameoga marashi chupa nzima, anamwambia 'nitazame mimi, mpendwa'. Zote kumi na saba tulitupa. Macho makavu. Ikabidi turudi kwenye ya majaribio. Hiyo ndiyo wanayoiona watu wote hawa." Akarudisha picha mwanzo. "Sasa mtazame yeye. Hapa mwanzoni kabisa. Wateja hawapaoni, tulipakata."

Seremala akageuka.

Mwalimu alikuwa amefika mbele ya kamera. Alipaswa kutazama kioo. Hakukitazama. Alishusha macho chini, kwa yule mtu aliyeinama, kwenye viatu vyenye gundi, kwenye kile kipara. Akamtazama kwa kitambo, akajizuia kucheka, asiweze. Ndipo akainua uso kwenye kioo, tabasamu likiwa bado la moto, akasema: "Umechelewa. Lakini nilijua utakuja."

"Hayo maneno hayakuwa kwenye karatasi," alisema Fundi Picha. "Karatasi ilisema 'Karibu bustanini'. Wewe hukuyasikia kwa sababu feni ilikuwa inakuvumia masikioni, na kipaza sauti kilikuwa kwenye gauni lake. Wewe siku ile ulichelewa kuja. Tulikusubiri karibu saa nzima, kila mtu anakulaani, yeye anasema tu atakuja, namjua."

Ndani ya miwani, Seremala alikuwa analia. Ile miwani haikutengenezwa kwa machozi. Inaingia ukungu, na dunia yote inakuwa maji.

"Wateja wote wale kwenye foleni, kaka," Fundi Picha alisema, akiwa ameshamaliza maneno ya mwezi mzima, "wanakula makombo yako."

Seremala aliivua miwani, akairusha kwenye kiti, akatoka mbio. Akavuka duara la utepe, akampita mama mwenye zamu, akapita dirisha la tiketi.

"Vipi?" Dada alipiga kelele. "Ni nani? Ni Marashi?"

"Ni mimi!"

"Wewe nani?"

Hakusimama kueleza. Juu ya mlango wa chumba cha kurekodia ipo taa nyekundu; ikiwaka, hata moto ukishika jengo huingii. Ilikuwa bado haijawaka. Akasukuma.

Ndani, Mwalimu alikuwa amesimama kwenye majani ya bandia, gauni jipya la rangi ya machungwa, karatasi mkononi. Marashi alikuwa anampima mwanga usoni, karibu kuliko ilivyohitajika.

"Bwana wee," alisema Marashi, "sasa tutaita mlinzi."

"Mwache," alisema Fundi Picha, aliyeingia nyuma akihema. "Nimemwita mimi. Mguu wa kamera unayumba. Anautengeneza."

"Asubuhi haukuyumba."

"Sasa unayumba."

Seremala alimwendea mkewe. Alikuwa amepanga hotuba tangu mlangoni, ikamwishia njiani.

"Nimeona," alisema. "Nusu ya nyuma. Nimeiona."

Mwalimu alimtazama Fundi Picha, Fundi Picha akatazama dari.

"Nilikuwa mimi," Seremala alisema. "Muda wote nilikuwa mimi. Nisamehe, mke wangu. Yale maneno ya pale nje yafute. Ufunguo huu hapa. Shika."

Mwalimu hakuushika.

"Kwa hiyo sasa unaamini," alisema.

"Naamini!"

"Umeamini mashine."

"Nimekuona kwa macho yangu..."

"Miaka sita nalala ubavuni kwako, hukuamini. Dakika tatu za mashine, umeamini." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Seremala. Alizungumza kama mtu anayesoma karatasi ya daktari. "Na kama ile nusu wangeifuta? Hebu nijibu. Kama Fundi angekuwa ameifuta, mimi leo ningekuwa nani?"

Seremala alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, na kila mtu mle ndani alilijua, na halikufaa kusemwa.

"Muda unakwenda," alisema Marashi.

"Haya," alisema Mwalimu. "Ushike huo mguu wa kamera. Tufanye kazi."

Msomaji, ungemwona alivyofurahi! Alipiga magoti juu ya majani ya plastiki, akaukumbatia ule mguu kama ndugu aliyepotea. Lakini safari hii hakuinamisha kichwa. Aliinua uso wote, akautoa mbele, atazame na kutazamwa. Lile jicho lililowatoa watu machozi ngazini, leo atalipokea mwenyewe, bila tiketi.

Taa nyekundu ikawaka. Mwalimu akatokea kwenye maua. Akasogea. Akashusha macho kwa mumewe.

Akamtazama vizuri, bila haraka, kama anavyokagua kucha za watoto Jumatatu asubuhi. Kisha akainua uso kwenye kamera. "Kaa kidogo," alisoma. "Leo hatuna haraka."

"Simama," alisema Marashi. "Mwalimu, mpendwa, macho."

Wakarudia. Gauni lilikuwa zuri, mwendo ulikuwa mzuri, sauti ilikuwa safi. Macho yalikuwa yamefungwa kama duka.

"Tena."

Mara ya tatu. Ya nne. Seremala alitabasamu, akaona ni vibaya, akaacha kutabasamu. Mara ya tano aliinamisha kichwa mwenyewe, akamwonyesha utosi, pengine kile kipara kingemchekesha kama siku ile. Hakusikia kicheko. Alisikia: "Kaa kidogo. Leo hatuna haraka," neno kwa neno, kama mtu anayetaja anwani.

"Macho, Mwalimu!"

"Ndiyo haya niliyonayo," Mwalimu alijibu. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na Seremala akatambua kwamba hamkomoi. Alikuwa anayatafuta kweli. Alikuwa anamtazama mumewe, anayatafuta, hayaoni.

"Mwalimu," alinong'ona akiwa bado magotini. "Ni mimi."

"Najua ni wewe."

Mara ya sita ikapita hivyohivyo. Marashi akapiga makofi mawili madogo. "Basi. Bwana Seremala, asante, toka nje. Nitashika mimi."

Seremala alimtazama mkewe, akingoja aseme hapana. Mwalimu alikuwa anatengeneza pindo la gauni. Pindo lile halikuwa na tatizo lolote.

Akainuka. Magoti yalikuwa na alama za majani. Akatoka.

Nje, Dada alikuwa ameacha dirisha, foleni imemsamehe. "Eh?" aliuliza. "Mmepatana?"

"Marashi anashika kamera."

"Na wewe umemwachia?"

"Mara kumi na saba alisimama yeye, zote wakatupa," alisema Seremala. Aliegemea ukuta, akajilazimisha kucheka. "Macho makavu. Hata wakae mpaka asubuhi. Watakuja kuniita."

Taa nyekundu ikawaka. Mlango ule aliutengeneza yeye, tabaka mbili za mbao na sponji katikati, sauti isipenye. Aliutengeneza vizuri mno, na sasa aliweka sikio na hakusikia hata pumzi. Akaanza kuhesabu. Kila jaribio lilikuwa la dakika tatu. Watafika kumi na saba, alijiambia. Watazidi.

Alikuwa hajamaliza kuhesabu mia mbili, taa ikazimika. Akangoja iwake tena kwa jaribio la pili.

Haikuwaka.

Kitasa kikazunguka, Fundi Picha akachungulia. Alipoona ni Seremala aliyesimama pale, alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Imepita," alisema.

"Imepita nini? Ndiyo kwanza mara ya kwanza."

"Imepita, kaka. Mara moja."

"Na macho?"

Fundi Picha alikuwa amerudi kwenye maneno yake kumi kwa siku, na yalikuwa yamekwisha.

Seremala akamsukuma, akaingia nusu.

Marashi alikuwa bado amepiga magoti kwenye majani, mikono miwili kwenye mguu wa kamera, kichwa kimeinama kabisa kama alivyoelekezwa, haoni kitu, hajui kitu. Na Mwalimu alikuwa amesimama juu yake, macho ameyashusha, anajizuia kucheka, asiweze.

Akainua uso. Akamwona mumewe mlangoni. Kile kicheko kikazimika, kama cha mtoto aliyekamatwa na kosa.

Mwalimu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pale kwenye maua anapoanzia.

"Fundi, funga mlango," alisema. "Turudie."

"Lakini imeshapita, Mwalimu," alisema Fundi Picha. "Ni nzuri. Hatuhitaji nyingine."

"Najua," alisema Mwalimu. "Turudie."